Mashine ya Msasa ya Gatwekera

Lugha yetu ina neno moja lenye matumizi matatu, na yafaa kuyatazama yote kwa pamoja. Msasa ni mti wa jamii ya mikuyu, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi wa pwani walilisugua jani lake juu ya ubao mpaka ubao ukawa laini. Ilipokuja karatasi iliyogandishwa chembe za mchanga au za kioo kilichosagwa, watu hawakuhangaika kutafuta jina jipya. Waliipa karatasi hiyo jina la mti. Kisha neno likapanda daraja la tatu. Leo husemwa kwamba mwandishi ameipiga msasa insha yake, na kwamba mwalimu amempiga msasa mwanafunzi wake, yaani amemwondolea mikwaruzo ya ujinga. Mti, karatasi na elimu vimekaa ndani ya neno moja kama ndugu watatu ndani ya nyumba moja.

Karatasi hiyo ina umri mkubwa. Wachina wa kale walibandika chembe za makombe na mchanga juu ya ngozi kwa ulimbo wa miti. Huko Marekani, Isaac Fisher alipewa hataza ya kutengeneza karatasi za msasa mwaka 1834. Siku hizi chembe nyingi hutengenezwa viwandani, na nyuma ya kila karatasi huchapwa namba. Namba ndogo ni ya chembe kubwa, na namba kubwa ni ya chembe ndogo. Msasa wa 40 huparua; wa 80 husawazisha; wa 120 hulainisha; wa 240 huacha uso wa ubao ukipendeza mkono kama hariri. Fundi mwema hufuata namba hizo kwa taratibu. Aanzaye na msasa laini juu ya ubao wenye makovu haondoi makovu, huyang'arisha.

Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia. Umri wangu umevuka miaka 30 na haujafika 40. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa kanuni moja ambayo naishika hata sasa: mwalimu na amchukue mwanafunzi kutoka katika jambo analolijua na kumpeleka katika jambo asilolijua. Wanafunzi wangu wengi hutoka Gatwekera, kimojawapo cha vijiji vinavyofanya mtaa wa Kibera katika jiji la Nairobi. Jina la Kibera latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, kwa kuwa askari wa Kinubi waliolitumikia jeshi la King's African Rifles walipewa kukaa huko mwanzoni mwa karne ya 20, zamani ambapo miti ilikuwa mingi kuliko nyumba. Msitu huo umekwisha. Mbao sasa huletwa kwa malori, na kwa vichochoro vyembamba hubebwa mabegani. Lakini kazi ya mbao haikuondoka, na jambo wanalolijua vema wanafunzi wangu ni mlio wa nyundo, harufu ya gundi, na cheche za bluu za mchomeleaji wa vyuma.

Kazi hizi Wakenya huziita jua kali, kwa sababu walioanza kuitwa hivyo walifua vyuma mahali pa wazi, pasipo paa wala kivuli. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kubwa juu ya ajira katika Kenya. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi walianza kuziona kazi ndogo ndogo kama hizi kuwa uchumi wa kweli, wala si takataka za uchumi. Mafundi wenyewe hawakungoja taarifa hiyo. Walikuwa wakila na kuwasomesha watoto kwa kazi hizo siku zote.

Karibu na njia nipitayo kwenda shule ipo karakana ya seremala mmoja, mtu mzima mwenye maneno machache. Hutengeneza vitanda, meza, makabati na viti, aghalabu kwa mbao za saiprasi na mikaratusi. Vijana watatu walimfanyia kazi ya kupiga msasa kwa mkono, na wawili kati yao walikuwa wamepita darasani kwangu. Malipo yao yalihesabiwa kwa kitanda, si kwa siku. Kitanda kimoja, pamoja na miguu yake, mbavu zake na ubao wa kichwani, kilichukua karibu nusu ya siku ya kijana mmoja. Mkono huenda na kurudi, huenda na kurudi, mpaka ncha za vidole zikawa laini kuliko mbao. Niliwahi kumwona mmoja wao akishindwa kushika kalamu kutia sahihi jina lake, si kwa kutojua kuandika, bali kwa maumivu ya vidole.

Lililo baya zaidi kuliko vidole ni vumbi. Maranda ya randa ni mazito; huanguka chini na kufagiwa. Vumbi la msasa ni jepesi. Huelea hewani, huingia puani na hushuka mapafuni. Mwaka 1995 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kuwaletea binadamu saratani, hasa ya pua. Vijana wale hawakuisoma habari hiyo, lakini walikuwa wakikohoa.

Seremala aliwaza mashine. Mashine za dukani, zitokazo ng'ambo, bei yake ilikuwa juu ya uwezo wake kama nyota ilivyo juu ya dari. Basi alimwendea jirani yake, fundi wa kuchomelea, ambaye kazi yake ni milango na madirisha ya chuma. Wakakubaliana kwamba mmoja atatoa vyuma na maarifa ya moto, na mwingine atatoa fedha kidogo, mota kuukuu ya pampu ya maji iliyonunuliwa katika chuma chakavu, na kitanda kipya. Mimi niliombwa kupiga hesabu. Nikapata ruhusa ya kuja na wanafunzi wangu wachache siku za Jumamosi, wakae kando na kutazama.

Kazi ya kwanza ilikuwa kiunzi, cha chuma chenye umbo la pembe, urefu sentimita 80 na upana sentimita 60. Hapo mchomeleaji alitupa somo lililozidi vitabu. Chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa hujikunja. Ukiichomelea pembe moja mpaka mwisho kabla ya kuzigusa nyingine, pembe hiyo ikipoa huvuta kiunzi chote upande, nacho hakitanyooka tena ila kwa kukatwa. Kwa hiyo yeye huzishikiza kwanza pembe zote nne kwa vidonda vidogo vya moto, kisha hupima, hugonga panapohitaji kugongwa, hupima tena, na mwisho huchomelea kwa zamu: pembe hii, kisha ile iliyo mkabala nayo. "Mwalimu," aliniambia, "samaki mkunje angali mbichi." Sijasikia methali hiyo ikitumiwa mahali pake kuliko hapo.

Nilimwuliza mwanafunzi mmoja atajuaje kwamba pembe ni mraba kamili. Alifikiri, akajibu kwamba 60 na 80 ni mara 20 ya 3 na 4, basi kamba ya kukata kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili haina budi kuwa mara 20 ya 5, yaani sentimita 100. Tukapima. Upande mmoja ulitoa 100 na nusu, upande wa pili ukapungua 100. Mchomeleaji akapiga nyundo mara mbili, na kamba zote mbili zikawa sawa. Kanuni ya Pythagoras ilitoka ubaoni ikaingia katika chuma, na hakuna aliyeisahau katika mtihani uliofuata.

Kazi ya pili ilikuwa magurudumu mawili ya kuzungusha mkanda wa msasa. Yalikatwa katika bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 100. Bomba hilo lilikuwa limepakwa zinki ili lisishike kutu, na mchomeleaji hakuligusa kwa moto mpaka alipoikwangua zinki yote mahali pa kuchomelea, kwa kuwa moshi wa zinki humtia mtu homa. Alifunga miisho ya bomba kwa bamba, akapitisha mhimili katikati, akauketisha juu ya beringi za pikipiki iliyokufa. Hakuwa na mashine ya kukereza ya kuyafanya magurudumu yawe mviringo kamili. Akayazungusha kwa mota yenyewe, akaegemeza tupa juu ya chuma kigumu kilichotulia, akaisogeza polepole mpaka kila kilima kilipoondoka. Mashine ilikerezwa na mashine yenyewe kabla haijazaliwa.

Nilishangaa kuona kwamba hakuyaacha magurudumu yakiwa sawa kama silinda. Aliyapunguza kidogo miishoni, yakawa na unene zaidi katikati kwa kadiri ya milimita moja. Wanafunzi walidhani mkanda utateleza kutoka katika mgongo huo, kama maji yanavyoteremka kilima. Kumbe kinyume chake ndicho kweli. Mkanda bapa hupanda kuelekea palipo pana. Upande ulio juu ya unene huvutwa kwa kasi zaidi, mkanda hupinda kidogo, na kila mzunguko huusogeza kuelekea juu, hata ukakaa katikati na kutulia. Jambo hili ni la fizikia, nalo limeandikwa vitabuni. Lakini fundi huyu alilipata kwa kutazama mikanda ya mashine za kusaga unga.

Hesabu ya mkanda niliwaachia wanafunzi. Vitovu vya magurudumu vilikuwa mbali kwa sentimita 60. Mkanda hupita juu sentimita 60, na chini sentimita 60, na kuzunguka nusu ya kila gurudumu, yaani duara moja zima, ambalo ni sentimita 31.4. Jumla ni sentimita 151.4. Seremala alikata msasa wa kitambaa kwa mshazari, akaunga miisho kwa gundi na utepe, akachora mshale nyuma yake. Mshale huo ulionyesha upande wa mwendo, ili ulimi wa kiungo ulalie nyuma wala usikutane na ubao uso kwa uso. Mota ilizunguka mara 1,440 kwa dakika, na puli zote mbili zilikuwa za ukubwa mmoja, kwa hiyo mkanda ulikwenda kiasi cha mita 452 kwa dakika. Kijana asuguaye kwa mkono, kila mwendo sentimita 30 kwenda na 30 kurudi, mara 60 kwa dakika, hupata mita 36 tu. Mashine ilimzidi zaidi ya mara 12, nayo haikujua uchovu.

Nguvu isiyo na mipaka ni adui. Kwa hiyo kabla ya umeme kuwashwa mafundi wale walitimiza mambo manne. Waliufunika mkanda na puli kwa mabati, ili nguo wala nywele zisinaswe. Walichomelea kizuizi mwishoni mwa meza, ili ubao usirushwe. Waliunga waya wa ardhi katika kiunzi, kwa maana chuma kitupu chenye hitilafu ya umeme ni mtego. Na chini ya mkanda waliweka kasha lenye feni na mfuko wa kitambaa wa kunasa vumbi. Kuchomelea kwote kulifanyika uwanjani, mbali na maranda, kwani katika mtaa wa nyumba zilizobanana cheche moja ni msiba wa watu wengi. Vitu hivi havikuongeza hata kitanda kimoja katika mauzo, na mtu mwenye pupa angaliviacha.

Siku ya kujaribu, mkanda ulikimbilia kushoto. Skrubu ya gurudumu la mbele ilikazwa robo ya mzunguko, mkanda ukarudi katikati. Ubao wa saiprasi ukalazwa juu yake. Pakatoka sauti ya mvua juu ya mabati, na harufu ya utomvu. Ubao ulipogeuzwa, kila mmoja aliupitisha mkono juu yake. Walioshangilia walikuwa wengi. Vijana watatu wa msasa hawakushangilia.

Mmoja wao alisema neno ambalo limekaa moyoni mwangu: "Mwalimu, mashine hii haili chakula, wala haina mama wa kumpelekea unga." Sikuwa na haki ya kumcheka. Katika vitabu vya historia tunasoma kwa wepesi kwamba mashine zilikuja na kazi zikabadilika. Lakini kazi haibadiliki hewani, hubadilika katika sufuria ya mtu. Kijana aliyelipwa kwa kitanda alikuwa ameona nusu ya siku yake ikimezwa kwa dakika chache.

Seremala aliwaita wote watatu, nami nikiwa shahidi. Kwanza walimwambia kwamba wangeomba mashine iwekwe kando. Aliwajibu kwamba afya zao haziwezi kuwa bei ya vitanda vyake. Wakamjibu kwamba njaa nayo ni ugonjwa. Maneno yote mawili yalikuwa kweli, na hiyo ndiyo sababu shauri lilichukua jioni tatu. Mwishowe iliamuliwa kwamba malipo ya msasa kwa kila kitanda hayatapunguzwa kwa miezi sita. Kwamba mmoja atafundishwa kuiongoza mashine na kuitunza. Na kwamba wa pili atafundishwa kuunga mbao kwa ulimi na tundu, kazi ambayo hapo kwanza seremala hakupata nafasi ya kumfundisha mtu, kwa kuwa kila mkono ulikuwa umefungwa na msasa. Kijana wa tatu hakutaka kungoja. Alikwenda kutafuta vibarua vya ujenzi.

Napenda kumtaja huyo wa tatu kwa sababu masimulizi ya maendeleo humsahau. Karakana sasa hutoa vitanda vingi zaidi, kikohozi kimepungua, na mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani hutengeneza kiti kizima, kuanzia mbao ghafi hadi vanishi. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini hesabu iliyo aminifu huandika faida na hasara katika ukurasa mmoja. Akiulizwa mtu kama mashine ni njema au mbaya, na aulize naye: ni nani aliyepata nafasi iliyookolewa? Kama nafasi hiyo imegeuzwa kuwa elimu, mashine ni njema. Kama imegeuzwa kuwa kufukuzwa tu, basi chuma kimefanya kazi yake na mwanadamu hakufanya yake.

Wala mkono haukustaafu. Mashine husawazisha ubao ulionyooka. Haiwezi kuingia katika nakshi ya ubao wa kichwani, wala kuuzunguka mguu wa meza uliopinda. Mkanda, kama ubao ukisimama juu yake kitambo kidogo, huchimba shimo, kwa hiyo hudai mtu mwenye macho na utulivu. Na mwisho wa kazi, ubao uliotoka mashineni hupigwa msasa wa 240 kwa mkono, kwa kufuata nyuzi za mti, maana ukisugua kwa kukata nyuzi mikwaruzo hujificha mpaka rangi inapopakwa, ndipo hutokea yote. Sehemu iliyobaki kwa mkono ndiyo sehemu iliyo bora.

Ninyi msomao maneno haya mko katika umri wa kupigwa msasa. Wengine wenu hutamani kuanza na namba 240, kwa kuwa ndiyo ing'arayo; hutaka kusifiwa kwa Kiswahili safi kabla ya kujua ngeli, au kwa uhandisi kabla ya kujua kupima pembe. Jifunzeni kwa mafundi wa Gatwekera. Shikizeni pembe zote nne kabla ya kuchomelea moja. Pimeni kungali mapema. Mkiunda kitu chenye nguvu, kifunikeni mahali kinapoweza kumdhuru mwingine. Na siku mtakapokuwa na mashine zenu wenyewe, ziwe za chuma au za namna nyingine, waiteni wale ambao kazi yao itamezwa, mkae nao jioni tatu, au nne, mpaka shauri limepatikana.